Mdogo Wangu, Usiuze Simu kwa Ajili ya Mto

Mdogo wangu, kabla hujauza hiyo simu, hebu nisikilize. Najua mteja umeshampata. Umepiga hesabu ya nauli za kwenda Pugu na kurudi, ya chupa za sampuli, ya malipo ya maabara, ukaona pengo. Ukatazama huku na huku utafute kitu chenye thamani, ukakikuta mkononi mwako. Barua za namna hii nimepokea nyingi tangu mwaka wa masomo uanze, karibu zote za wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotaka kuchunguza maji ya Mto Msimbazi, au kijito kinachopita nyuma ya nyumba zao. "Dada, swali ninalo, msimamizi amelipenda, ila hela sina." Kila nikiisoma sentensi hiyo naiona aibu imejibanza ndani yake, utadhani kukosa hela ni dhambi uliyoitenda wewe. Si dhambi yako. Vuta kigoda tuongee.

Kwanza nikupongeze, maana najua nyumbani hawakukuelewa. Shangazi ameuliza mtu asomeje miaka yote hiyo halafu aishie kuchota maji machafu kwenye chupa. Mwambie shangazi kwamba mto ule umebeba habari za jiji zima. Unaanzia huko kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, maji bado yana adabu, kisha unateremka Kinyerezi, Vingunguti, Kigogo na Jangwani mpaka kwenye mikoko ya Selander, kama kilomita 35 hivi. Njiani unapokea maji ya machinjio, ya mabwawa ya majitaka, ya viwanda, ya gereji, na mvua ikinyesha usiku unapokea vyoo vinavyotapishwa kimyakimya. Kando yake watu wanalima mchicha ambao kesho uko sokoni, keshokutwa uko kwenye sahani ya shangazi huyohuyo. Anayejua ndani ya mto ule mna nini ametusaidia sote.

Umeniuliza pia, kwa uchungu, mbona Benki ya Dunia mwaka 2022 iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi na wewe unakosa nauli ya daladala. Uchungu huo naujua. Lakini fedha zile zina kazi zake: kuchimba na kupanua mkondo, kuinua daraja la Jangwani, kuwahamisha watu waliokuwa wakilala na maji sebuleni kila masika. Hazikujui jina. Ukikaa kuzisubiri utasubiri mpaka wenzako wavae majoho. Hela ya utafiti wa shahada ya kwanza, mdogo wangu, haiji kwa gunia. Inakuja kwa vibaba, hapa glovu, pale nafasi ya maabara, kule nauli ya wiki mbili, na anayeijaza ndoo ni yule asiyedharau kibaba.

Sasa nikugombeze kidogo. Andiko lako nimelisoma. Umeandika vituo 12, miezi minne, vigezo kumi. Hivyo ni vipimo 480! Hata idara yenye ruzuku ingekaa chini ipumue. Nakuelewa, ulitaka andiko lionekane zito, ulihofu kwamba swali dogo litamfanya msimamizi akuone mvivu. Karibu kila mwanafunzi hupitia hapo. Lakini tazama: vituo vinne, misimu miwili, vigezo vitatu, ni vipimo 24. Ukirudia kila kimoja mara tatu ili uwe na uhakika, ni 72. Hapo mwanadamu anafika. Chagua kituo kimoja juu kabisa kabla mji haujaubana mto, kimoja kabla ya mahali unapopatilia shaka, kimoja baada yake, na kimoja chini. Ukifanya hivyo swali lako limepata kiuno: je, kati ya hapa na pale mto unabadilika, na unabadilika zaidi wakati wa mvua au wa kiangazi? Swali la hivyo utalimaliza. Lile la 480 litakumaliza wewe.

Na hicho kituo cha chini usikiweke mlangoni kabisa mwa mto. Pale Selander bahari inapanda na kushuka, maji yakijaa chumvi inaingia mtoni, kipimo chako cha upitishaji umeme kitaruka juu nawe utaandika kwamba ni uchafu wa kiwanda. Panda juu kidogo, mbali na chumvi.

Haya, tuitafute hela. Anzia mfukoni mwako. Wewe unayepata mkopo wa Bodi, umewahi kuusoma mchanganuo wako? Miongoni mwa mambo ambayo Bodi ya Mikopo inaweza kuyagharimia kuna gharama za utafiti na za mafunzo kwa vitendo, mbali na chakula na malazi. Kila mtu ana kiwango chake, wengine hawana kabisa, lakini nimeshakutana na wanaolia hawana hela ya utafiti na hela hiyo iliingia, ikaonekana ni bumu la nyongeza, ikaenda kwenye viatu na chipsi. Bandu bandu huisha gogo. Siku ikiingia, itoe siku hiyohiyo uiweke mahali pagumu kuifikia, umpe hata mama akutunzie.

Halafu nenda kwa msimamizi wako. Wengi mnamwogopa. Mnampelekea kurasa, mnashika mlango, mnaondoka, na neno hela hamlitamki kwa kuona ni utovu wa adabu. Mficha uchi hazai. Mhadhiri anayefanya kazi za maji mara nyingi ana mradi wake mwenyewe, una gari linalokwenda mtoni kwa ratiba, una kemikali, una fundi wa maabara anayelipwa. Hakupi hela mkononi, lakini swali lako likikaa ndani ya swali lake kubwa, unapanda gari lile na sampuli zako zinapimwa pamoja na zake. Mwamkie, kaa, sema: "Mwalimu, nimeipunguza kazi iwe vituo vinne. Gharama nimeziandika hapa. Hizi naziweza, hizi mbili siziwezi. Naomba ushauri." Umeona? Hukuomba hela. Umemwonyesha kwamba umepiga hesabu, na mtu aliyepiga hesabu ni rahisi kumsaidia.

Fildi nayo usiichezee. Kila mwaka nawaona mnaomba fildi popote palipo karibu na nyumbani, mnakaa wiki nane mkipiga fotokopi. Anayejua kwamba mwakani atapima maji aandike barua mapema kwenda ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, ambalo Msimbazi umo ndani yake, au DAWASA, au maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, au NEMC. Huko ndiko utajifunza kushika chupa, na ndiko utafahamiana na yule mama wa maabara ambaye mwakani ukimpelekea sampuli nne atakupokea. Kuna takwimu za miaka iliyopita pia zimelala kwenye makabati ya ofisi za serikali zikisubiri mtu wa kuziomba kwa barua yenye mhuri. Takwimu uliyopewa ni nauli ambayo hukuitoa.

Ukiandika barua ya kuomba msaada, kwa ofisi, kwa diwani, kwa mjomba mwenye duka, omba kitu, usiombe ufadhili. "Naomba kufadhiliwa" ni neno zito, mtu analisoma anaona mamilioni, anaiweka barua pembeni. Andika: naomba glovu jozi 20, naomba barafu na deli la kubebea sampuli siku nne, naomba nauli ya watu wawili kwenda Kinyerezi mara mbili. Mjomba anayekwepa mamilioni atatoa deli bila kufikiri mara mbili.

Kuna na vya bure ambavyo hamvithamini kwa sababu ni vya bure. Picha za setilaiti za Landsat hazilipiwi tangu mwaka 2008, na za Sentinel-2 zinakuonyesha ardhi kwa vipande vya mita kumi kwa kumi. Kwa programu ya QGIS, ambayo nayo ni bure, unaweza kuchora eneo lote ambalo mvua yake inaishia mtoni, ukaona jinsi mabati yalivyokula majani miaka kumi hii. Wenzenu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, tangu mwaka 2015 katika kazi ya Ramani Huria, walizunguka kata zinazofurika pamoja na wakazi, mtaro kwa mtaro, nyumba kwa nyumba, wakaziweka ramani zile mahali ambapo yeyote anaweza kuzichukua. Walikuwa wanafunzi kama wewe. Jasho lao linakungoja ulitumie.

Na kama maabara imekupiga bei ya kukutoa machozi, kuna njia ambayo mimi naipenda kuliko zote. Chukua wavu na beseni jeupe. Chini ya mawe na kwenye majani ya mto wanaishi wadudu wadogo wanaoonekana kwa macho, na kila jamii yao ina uvumilivu wake. Wale watoto wa wadudu wenye mikia mitatu myembamba hawavumilii maji yaliyokosa hewa, wanatoweka mapema. Viluwiluwi wekundu wale, ambao wekundu wao unatokana na damu inayoweza kushika oksijeni hata pale ilipo haba, ndio wanaobaki wakati wengine wote wamehama. Mwaka 2015 Lulu Kaaya na wenzake walichapisha mfumo wa kuipa mito ya Tanzania alama kwa wadudu hao, unaitwa TARISS. Ujifunze kuwatambua, na hiyo inataka subira na mtu wa kukuelekeza, lakini haitaki kemikali za kuagiza nje. Kemia inakuambia maji yalivyo saa ile uliyoyachota. Mdudu amekaa pale wiki nzima, ameonja kila kilichopita.

Sasa njoo karibu, kuna jambo sijawahi kuliandika hapa.

Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na vituo sita. Ofisi moja iliniahidi kunisaidia, ikaniambia wiki ijayo, nikaenda, wiki ijayo tena, mara nne. Nilikuwa nimeshaipanga kazi yote juu ya ahadi ile. Siku ya safari ya mwisho nilibaki na nauli ya kufika vituo vitano. Cha juu ya kile nilichokikosa kilikuwa na oksijeni 3.8, cha chini yake kilikuwa 2.6. Usiku ule chumbani, taa imezimwa, mwenzangu amelala, niliandika 3.1 kwenye mstari wa kituo ambacho sikukanyaga. Namba moja tu, na iliingiana vizuri. Nilipata daraja zuri. Mwaka uliofuata dada mmoja aliyekuwa nyuma yetu alikuja kunishukuru kwamba kazi yangu imemsaidia, akanionyesha ukurasa, na pale katikati ilikuwa 3.1 yangu, sasa imeandikwa na mtu mwingine, kwa nia njema, kama jambo lililopimwa. Sikulala. Nilimwendea msimamizi wangu nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Kwa nini hukuacha nafasi wazi?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Nilikuwa na ruhusa ya kuandika: kituo hiki hakikupimwa kwa sababu fedha ziliisha. Hakuna ambaye angenifelisha kwa sentensi hiyo. Nilidhani umaskini wangu ungeonekana kwenye jedwali, nikaona bora nidanganye kuliko uonekane. Ndiyo maana, mdogo wangu, nakusumbua hivi kuhusu hesabu ya vituo. Anayeanza na kazi kubwa kuliko mfuko wake anajitengenezea usiku kama ule wangu. Na ukijikuta umeshafika hapo, maana inatokea, acha nafasi wazi. Andika sababu. Usimwekee mtu mwingine namba ya uongo mezani, maana siku moja mtu ataamua kwa namba hiyo kama mchicha ule uliwe au usiliwe.

Tuendelee, usiku utatukuta.

Kalenda ya mto haifuati kalenda ya chuo, na hapa ndipo wengi mnapolizwa. Vuli iko Oktoba mpaka Desemba, ukame Januari na Februari, masika Machi mpaka Mei. Ukianza kuhangaikia kibali mwezi wa nne, na barua ya chuo ishuke mkoani, wilayani, katani, mpaka kwa mtendaji wa mtaa, masika yamekuaga. Ukianza Novemba na deli la kuazima, vuli na kiangazi umeshavikamata, na hela ya masika bado una muda wa kuitafuta. Mto hauna siku ya marudio.

Na siku za wiki nazo zina mambo. Kipimo cha BOD, kile cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu majini, kinakaa siku tano kwenye nyuzi 20 kabla ya kusomwa. Ukipeleka sampuli Jumatatu, siku ya tano ni Jumamosi, maabara imefungwa. Ya Jumanne inaangukia Jumapili. Wangapi wamelipia kipimo hicho hela ambayo hawakuwa nayo, na hakuna aliyekuja kukisoma? Sampuli za kutafuta vijidudu vya kinyesi ndizo zinazodeka kuliko zote: zitie kwenye barafu palepale, zifike maabara saa zilezile chache, zisilale kwako. Oksijeni ipime mtoni hapohapo, na kabla ya kuupima mto, kipime kwanza kifaa.

Kuna hela nyingine ukiiona ikimbie. Kampuni ambayo bomba lake linatoka hapo ulipoweka kituo cha tatu ikisema itakugharimia kila kitu, ila ripoti ipitie kwao kwanza, shukuru, inuka, ondoka. Ikiwa msaada ni safi, aliyekusaidia atakubali jina lake liandikwe mwanzoni mwa kazi yako na matokeo yasiguswe. Akilikataa jina, umeshapata jibu lako.

Na yuko yule mwingine, mabinti wananielewa. Anakuambia fomu ya kuidhinisha fedha ataisaini jioni, si ofisini. Au gari la mradi lina nafasi, lakini mtalala huko. Nakwambia kama dada aliyekubeba mgongoni: hilo lina jina, ni rushwa ya ngono, na ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Tunza ujumbe wake, usifute. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, nenda TAKUKURU, usiende peke yako. Wala usijiulize ulivaa nini. Hakuna sampuli ya maji duniani yenye thamani ya wewe kurudi bwenini unalia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua la kurasa chache, andika kila ulichopewa, tarehe, na kilikokwenda, na risiti zibandike. Bodaboda hatoi risiti, basi andika mwenyewe na umwombe atie sahihi, atacheka lakini atatia. Aliyekupa elfu kumi ukamrudishia karatasi inayoonyesha ilivyotumika, mwakani atampa mdogo wako ishirini. Nimeliona hilo kwa macho yangu, zaidi ya mara moja.

Rudi pia kwa watu wa bondeni. Yule mzee wa bustani aliyekuonyesha pa kushukia asikuone mara mbili tu, siku ya kuchota na siku ya kupiga picha. Mpelekee ulichokiona, kwa Kiswahili cha kawaida, hata kama ni habari mbaya. Mwanzoni atakasirika, maana ile mboga ndiyo ada ya watoto wake. Kaa naye hata hivyo.

Kuhusu mwili wako sitarefusha, lakini nitasema. Gambuti, si kandambili. Glovu kila mara. Kidonda funika. Humo mna kinyesi cha watu, mna konokono wa kichocho, na kipindupindu kimeshawahi kulizunguka bonde lile. Usishuke peke yako, na wingu likiwa jeusi upande wa Kisarawe usishuke kabisa hata kama Jangwani jua linawaka, maana maji yale yanakuja kabla ya mvua yake hujaiona.

Simu irudishe mfukoni. Utaihitaji kwa picha za vituo na kwa kumpigia mwenzako ukichelewa. Leo usiku punguza vile vituo viwe vinne, kesho mwamkie msimamizi, na barua ya deli nenda nayo kwa mjomba mwenyewe kwa mkono. Mtoni nenda Alhamisi, asubuhi na mapema, ili BOD yako isomwe Jumanne. Na ule kwanza kabla hujatoka, hata kama ni chai na mhogo.